Hamira ya Mjane Trembath

Keziah Trembath alipofiwa na mumewe, aliachiwa kiwanda cha bia katika mji wetu wa machimbo ya dhahabu, huku koloni la Victoria. Sisi vibarua wake tulijua fika kwamba bia hiyo alikuwa akiipika yeye miaka yote. Waheshimiwa wa baraza la mji wakajitia hamnazo, wakamnyima leseni ya kupika bia eti kwa kuwa ni mwanamke. Upuuzi mtupu!

Kesho yake Gribble, mwoka mikate, aliyenyoosha mkono pamoja nao kumkataa, akaja na ndoo yake kuchukua hamira kama kawaida.

"Mama Trembath, usininunie. Mambo ya baraza yale."

"Sijanuna. Unataka nini?"

"Si hamira, mama?"

"Hamira hutoka kwenye bia, Gribble, na bia mmenikataza." Akafunika pipa la hamira, akalikalia.

"Sasa mji mzima utakula nini?"

"Itafuneni ile mikono mliyonyoosha."

Wiki ile watu walikula mikate migumu kama matofali, wakimtukana Gribble. Mwishowe mke wa mwenyekiti wa baraza akaja mwenyewe, kabeba ndoo. Ndani yake mlikuwa na leseni.