Kivuko Ambacho Ofisi Ilisema Kipo

Shangazi aliyenilea alitoka Misigiri akiwa binti, akaolewa huku mjini, mtaa wa Utemini, na mumewe alipofariki akabaki hapohapo akiuza mafuta ya alizeti. Kinu cha kukamulia kilikuwa ng'ambo ya barabara ya lami, nyumba yetu upande huu. Kila asubuhi alivuka na madumu matupu, akarudi nayo yamejaa.

Nikiwa sekondari walikuja vijana wa barabara wakachora zebra mbele ya kinu na kusimika kibao chenye picha ya mtu anayetembea. Shangazi aliifurahia kuliko sisi wote. Alirudi nyumbani akasema, "Leo basi limenisimamia mimi. Basi zima." Alisema kama mtu aliyepewa kiti cha mbele kwenye harusi.

Kisha hakuna aliyerudi kuitazama. Matairi yaliila rangi taratibu, ikabaki kijivu, halafu ikabaki madoa tu karibu na mtaro. Kibao kiligongwa na lori lililokuwa likirudi nyuma, kikalala pembeni, na siku moja hakikuwepo. Nadhani kiliuzwa kama chuma chakavu. Mwenyekiti wa mtaa alipeleka taarifa, tukaambiwa jambo hilo lipo kwenye mpango. Watu tuliendelea kuvuka palepale. Tungevuka wapi?

Asubuhi aliyogongwa nilikuwa nafua uani. Nilisikia breki, kisha madumu yakibingirika kwenye lami. Nilimkuta amekaa barabarani, mguu umekaa vibaya, anajaribu kushusha kanga yake ifunike magoti. Dereva wa pikapu alikuwa ameshuka, amechuchumaa kando yake. Simlaumu sana yule baba. Alimbeba yeye mwenyewe hadi hospitali, na njia nzima alirudia maneno yaleyale: "Mama, sikuona zebra. Haki ya Mungu, sikuona zebra."

Siku iliyofuata askari wa usalama barabarani alikuja wodini. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alimuuliza ilivyokuwa, akaandika, kisha akamsomea alichoandika: kwamba mtembea kwa miguu alivuka barabara mahali pasipo na kivuko.

Shangazi akamwambia, "Mimi nimevuka kwenye zebra."

"Mama, pale hakuna zebra. Nimetoka kupapima."

"Ipo. Imefutika."

"Ndiyo hivyo mama. Imefutika."

Maumivu ya mguu hayakumliza, lakini maneno hayo yalimliza. Alikuwa mtu wa kuvuka kwa utaratibu, aliyewagombeza watoto wa jirani wakikimbia barabarani, na sasa imeandikwa kwamba yeye ndiye mzembe. Nilimpeleka yule askari hadi barabarani, nikachuchumaa karibu na mtaro, nikamwonyesha madoa meupe. Alinihurumia, nadhani. Akasema, "Dada, mimi naandika ninachokiona. Nenda kwa wenye barabara wakuambie."

Nikaenda. Ofisi ya kwanza iliniambia barabara si zao, wao kazi yao ni kupeleka maombi kwa wanaozihudumia. Hao wanaozihudumia wakaniambia hawawezi kuchora popote bila ofisi ya kwanza kuomba. Nilirudi, nikazungushwa tena, nikakaa kwenye mabenchi hadi nikajua nani anakunywa chai saa ngapi. Mwishowe nikapokelewa na mhandisi wa ile ofisi ya kwanza, mtu mnene, mpole, mwenye kompyuta mbele yake. Nikamweleza kwamba tunaomba kivuko mbele ya kinu.

Akatafuta kwenye kompyuta, akatabasamu. "Pale kivuko kipo."

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Kipo wapi, mheshimiwa?"

"Kipo. Kilishawekwa. Kwa hiyo siwezi kukuombea kingine, itaonekana tunaweka vivuko viwili sehemu moja."

"Basi kipakeni rangi upya."

"Hilo sasa ni matengenezo. Matengenezo yana utaratibu wake na fungu lake, na fungu hilo kwa sasa halina kitu."

Nikamwomba aje na mimi kituoni, amwambie askari sentensi ileile aliyoniambia mimi, kwamba kivuko kipo. Akacheka kidogo, bila ubaya wowote, akasema hayo ni mambo ya polisi, yeye hawezi kuyaingilia. Nilitoka pale natembea haraka, sijui naelekea wapi, hadi nikajikuta nimefika karibu na ziwa lililo pembeni mwa mji. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko, masikio yanapata moto. Kwa askari hakipo, ndiyo maana shangazi ana makosa. Kwa mhandisi kipo, ndiyo maana hakuna cha kufanya. Na kote huko mguu uliovunjika ni uleule mmoja.

Mkutano wa mtaa ulipoitishwa, shangazi alisema atakwenda. Mguu ulikuwa bado kwenye hogo la plasta, na magongo alikuwa hajayazoea. Tulimsogezea kiti, akakataa kukaa. Mhandisi naye alikuwepo, ameketi meza kuu. Shangazi akamwambia, "Baba, mimi sijaja kugombana. Niambie tu mbele ya watu. Siku ile kivuko kilikuwepo, au hakikuwepo?"

Mhandisi akasimama. "Mama, kwanza pole sana. Suala la vivuko ni mtambuka. Limepokelewa na litafanyiwa kazi."

"Sikuuliza hilo," shangazi alisema, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshahamishiwa kwa mtu mwingine, aliyetaka kuzungumzia taka.

Walichora. Sijui ni mkutano, au ni kwa sababu kuna mgeni mkubwa alitarajiwa kupita njia hiyo. Wapo wanaosema hili na wapo wanaosema lile. Rangi ilipokauka akaja kijana wa ofisini na kamera, akamwomba shangazi awe wa kwanza kuvuka, apigwe picha na diwani amemshika mkono. Itapendeza, alisema, kwa sababu ya magongo.

Shangazi alikuwa anachuja mafuta kwenye kitambaa. Hakuinua uso. "Mwanangu, mimi imeandikwa nilivuka pasipo na kivuko. Nendeni mkaifute kwanza hiyo, kisha mje mnichukue."

"Bibi, hiyo siyo idara yetu."

"Basi na picha siyo idara yangu."

Wakamchukua mama mmoja aliyekuwa anapita na mtoto mgongoni. Picha niliiona kwenye simu ya jirani. Diwani anatabasamu sana.

Maelezo ya askari hayakubadilishwa. Faili limefungwa, ndivyo nilivyoambiwa, na faili lililofungwa halifunguliwi kwa ajili ya sentensi moja. Shangazi anatembea, ila mguu mmoja umekuwa mfupi, na madumu sasa navuka nayo mimi. Masika yaliyopita rangi ilianza tena kuliwa, upande wa kinu. Nilikwenda ofisini kuuliza nani anahusika. Mhandisi amehamishwa. Aliyekuja badala yake alinikaribisha vizuri, akavuta kiti, akafungua kompyuta, na kabla hajaniambia chochote nilikuwa nimeshasimama.