Doa Kwenye Uso wa Mfalme

Wauza sarafu walimwita Mwewe, na si jina alilojipa. Alipewa na muuzaji mmoja aliyekaa miaka tisa na sarafu yake ya dhahabu bila kujua kwamba ina ufa mwembamba kama unywele, mpaka alipouona kwenye picha iliyopigwa na huyu bwana. "Wewe si mtu, ni mwewe," alisema, na jina likaganda.

Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kupiga picha sarafu za kale, za dhahabu na za fedha, ili wauzaji wazionyeshe kwa wanunuzi walio mbali. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la mchonga funguo. Kamera ilifungwa kwenye nguzo ikitazama chini, taa mbili huku na huku, na kuta zote alizipaka rangi nyeusi, maana fedha ni mmbea, huonyesha kila kilicho karibu nayo. Hata shati alivaa jeusi. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akimtania kila asubuhi: "Baba Mapacha, leo unakwenda kazini au matangani?"

Sheria ya kwanza ya kazi ile ni kwamba sarafu haifutwi. Zipo sarafu za fedha ambazo hazijawahi kupita sokoni, uso wake umetulia kama maji mtungini. Ukiupitishia hata kitambaa cha hariri, umeuchana. Vumbi hupulizwa kwa kimpira cha kubonyeza, basi. Mwewe aliishika sheria hiyo miaka kumi na mmoja, na wageni aliwakemea wakinyoosha tu kidole.

Jumanne moja asubuhi alikuja Mzee Mizani, muuzaji aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuamini uzito wowote asioupima mwenyewe. Alitoa kipakiti mfukoni, na ndani yake mlikuwa na sarafu kubwa ya fedha yenye kichwa cha mfalme.

"Hii si yangu," alisema. "Ni ya mjane mmoja. Marehemu mumewe aliitunza miaka thelathini, na ndicho kitu cha maana alichomwachia. Mnada ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nipigie picha ya kuwatoa watu udenda."

"Udenda wao usidondokee sarafu tu," Mwewe alijibu, wakacheka.

Mzee akaenda zake. Mwewe akavaa glavu, akaishika sarafu ukingoni, akailaza chini ya kamera. Alipoinama kuikagua aliona doa. Lilikuwa la kijivu, shavuni mwa mfalme, dogo kama chembe ya mtama. Akapuliza. Halikutoka. Akapuliza tena na tena. Hapo moyo ukamlipuka: je, si mate? Si alikuwa akicheka juu yake sasa hivi? Mate yakikauka kwenye fedha huacha alama ya milele. Hakujipa muda wa kufikiri. Alichukua kitambaa laini cha kufutia lenzi, akagusa shavu la mfalme, akafuta mara moja.

Doa halikutoka.

Akainua macho, akaliona ukutani. Akatazama glavu yake, likawa juu ya glavu. Akafumba jicho la kushoto, likatoweka. Akalifumbua, hilo limerudi.

Mwewe alikaa kwenye kigoda. Miezi mingi alikuwa akijigonga mlangoni upande wa kushoto na kusema mlango ndio mbovu. Alikuwa akimwaga chai pembeni ya kikombe na kusema ni uchovu. Leo alijua. Na alipowasha taa na kutazama skrini, aliiona kazi ya mkono wake: mikwaruzo myembamba, mingi, imepita kuanzia sikio la mfalme hadi puani.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Mwewe alizijua taa kama mkewe alivyozijua sindano. Akaishusha moja, akaisogeza nyingine nyuma kidogo, akaipeleka kushoto upana wa kidole. Mikwaruzo ikazama yote. Mfalme akang'aa kama aliyezaliwa jana. Alipiga picha, akaituma kabla dhamiri haijaamka.

Baada ya saa moja simu ikalia. "Mwewe!" Mzee Mizani alikuwa akipiga kelele za furaha. "Hii ndiyo picha bora uliyopata kunipigia! Nimemwonyesha yule mama, amelia."

Mwewe alishukuru, akakata simu, kisha akairudisha sarafu kwenye kipakiti, akampelekea jioni ile ile.

Alhamisi alikwenda hospitali bila kumwambia mtu. Walimkalisha mbele ya mashine, wakampa kitufe. Kila akiona nukta ya mwanga, abonyeze. Upande wa kushoto aliisikia mashine ikifanya kazi, tik, tik, tik, lakini hakuona nukta hata moja. Alianza kubonyeza kwa kubahatisha.

"Usibahatishe, baba," daktari alimwambia kwa upole. Alikuwa binti wa umri wa kuwa mwanawe. "Ukinidanganya mimi unajidanganya mwenyewe."

Ilikuwa presha ya macho. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ulikuwa ukifa polepole. Kilichopotea hakirudi. La kulia nalo lilikuwa limeanza. Matone, kutwa mara mbili, maisha yake yote, huenda yakazuia mengine.

"Huenda?" aliuliza.

"Nasema huenda kwa sababu sitaki kukudanganya."

Mkewe alikuwa akipinda suruali alipoingia. Alimtazama tu, akanyanyua mguu kwenye pedali.

"Nani kafa?"

Akamweleza yote, macho na sarafu. Mama Mapacha alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na yule mama anajua?"

"Hajui."

"Atakayeinunua?"

"Hajui."

"Macho ni ugonjwa, mume wangu. Hukuyataka. Hiyo picha je?"

Usingizi haukumjia kwa siku mbili. Jumapili alipiga moyo konde, akaenda kwa Mzee Mizani, akaikuta sarafu mezani kwenye kisanduku chake. Akaomba tochi. Akaiinamisha sarafu mpaka mwanga ukashika mikwaruzo, akamwachia mzee aone.

Mzee aliona. Akaichukua tochi, akaizima.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilidhani ina doa. Doa liko jichoni mwangu."

"Ungeniambia macho yanakusumbua, Mwewe! Ningekuletea za shaba, zile za kuchakaa. Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu mimi ni Mwewe."

Mzee hakucheka. "Basi piga nyingine," alisema. "Na hiyo mikwaruzo yote ionekane. Mjane nitamwambia mwenyewe, lakini utakuwa umekaa pale."

Alikaa pale. Mjane hakumlaani wala hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliigeuza sarafu mara mbili, akauliza kama inaumia zaidi ikiguswa sasa. Mwewe akasema hapana, si tena. Basi mama akapitisha kidole chake polepole kwenye shavu la mfalme. "Miaka thelathini sikuruhusiwa," alisema. Jumamosi sarafu iliuzwa kwa picha ile mpya, chini ya nusu ya bei iliyotarajiwa.

Mzee Mizani hakumtangaza. Mwewe mwenyewe ndiye aliyewapigia simu wauzaji, mmoja mmoja, akawaambia watafute mtu mwingine. Wengine walimpa pole. Mmoja alimuuliza anauza lini kamera yake. Saba walikata simu baada ya "haya", na vipakiti vikakoma kuja.

Sasa hushinda nyumbani. Asubuhi na jioni mkewe husimamisha cherehani, humlaza kichwa nyuma, humfungua kope kwa vidole vyenye harufu ya mafuta ya mashine. Tone moja kushoto, moja kulia.

"Unaona nini?" humuuliza.

"Wewe," hujibu.

Hamwambii ni kiasi gani.