Fimbo Fupi za Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa magari hapa Buyenzi, lakini mapenzi yake yalikuwa fimbo za gofu. Ujanani alibeba mifuko ya Wabelgiji uwanjani, na uhuru ulipokuja akaanza kujitengenezea zake, yeye na wenzake wacheze kwenye nyasi za pembeni. Kichwa alikichonga kwa mti wa mpera, mpini ulikuwa bomba jembamba la chuma, na pale vinapokutana alipaka gundi, akazungushia uzi wa wavuvi, akauvuta mpaka vidole vikamuuma. Biashara? Apana. Aligawa bure, mimi nikinung'unika.

Basi siku moja akainua injini, ngiri ikamtoka, wakampasua hospitalini. Alirudi nyumbani amejikunja, mkono tumboni, na gereji kakatazwa. Nikadhani sasa atapumzika. Loo! Kesho yake tu yuko barazani na tupa na msasa, vumbi la mpera mpaka kwenye sufuria yangu ya maharage. Nikigomba, ananijibu kwamba daktari amekataza kazi, na hii si kazi, ni mchezo.

Nyuzi zikatolewa. Daktari akasema kidonda kimepona, atembee wima, la sivyo mgongo utazoea kupinda. Mume wangu akaitika vizuri, akatoka pale amepinda vilevile. Alikuwa na hoja yake, kichwa ngumu yule. Uzi aliujua: ukivutwa kabla gundi haijakauka, unaachia wote. Za nje zimetolewa, je, za ndani zikivutwa? Niliogopa, nasema kweli. Mwanamume mrefu vile, nikimwona anakwenda msikitini akitazama viatu vyake, naingia jikoni nalia.

Kipimo chake cha fimbo kilikuwa mwili wake mwenyewe. Alisimama, akaacha mkono uning'inie, akatia chaki usawa wa kifundo cha mkono, akakata. Sasa fimbo zikawa zinatoka fupi. Rafiki yake alirudisha moja akicheka, akasema hii ni ya mtoto. Mume wangu akalaumu chaki, akalaumu msumeno, kisha akashika bomba lake zuri la mwisho, alilojiwekea mwenyewe, akalitia chaki. Bomba likishakatwa halirefuki tena. Nikamnyang'anya msumeno.

"Fimbo haina kosa, baba watoto," nikamwambia. "Ni we ndo umepinda."

Nikamuuliza gundi yake hukauka kwa muda gani. Akasema usiku mmoja.

"Na ya daktari imelala humo mwezi muzima. Ama unaona ye ni fundi mubaya kukupita?"

Hilo lilimchoma. Akaegemea ukuta, akaanza kunyooka polepole, jasho usoni, ameubana mkono wangu mpaka nikataka kupiga kelele. Hakuna kilichoachia. Akatia chaki upya, na alama mpya ikawa juu ya ile ya kwanza kwa upana wa kiganja. Akacheka. Mimi nikalia, safari hii mbele yake.

Zile fupi alitaka kuzivunja. Nikachukua moja, nikaisimamisha kando yangu, ikanifika kwenye kifundo cha mkono sawasawa. Kumbe mwezi ule wote alikuwa wa kimo changu, tukisemezana uso kwa uso, na kwa woga wangu sikuliona hilo. Nikaiweka nyuma ya mlango. Alipotoka kwenda uwanjani na ile ndefu, ilibidi niinue tena shingo kumwambia asichelewe.