Bwana Unywele na Fundi Wake

Mwanafizikia ninayefanya naye kazi tunamwita Bwana Unywele, maana hakuna mgeni anayeingia maabara bila kuambiwa: "Chukua unywele mmoja, uupasue mara elfu. Huo ndio waya wetu." Waya huo ndio moyo wa kihisio chetu. Ukiguswa na tone la damu, hutambua figo iliyoanza kuharibika kabla mwenyewe hajahisi kitu. Bwana Unywele ni mpole, mcheshi, na kwa miaka kumi na mmoja sijajuta kuwa fundi wake.

Baridi ilipoanza, vihisio vikaanza kufa. Naweka kimoja chini ya darubini, mara mshale wa mita unaanguka hadi sifuri. Madaktari wa figo walikuwa waje Ijumaa, nasi tumebakiwa na vinne. Jumanne akaniita pembeni.

"Dada, labda mikono imechoka. Kuanzia Jumatatu upumzike kidogo kule stoo."

Stoo! Mimi niliyemfundisha kushika kibano! Nilirudi mezani damu ikinichemka.

Alhamisi akaja kuchungulia begani kwangu, kama kawaida yake, amevaa sweta jipya alilonunuliwa na mkewe baridi ilipoanza. Likanigusa shingoni, ta! Likanipiga shoti. Kihisio kikafa papo hapo.

"Bosi, rudi mlangoni."

"Kwani nimefanya nini?"

"We rudi tu, tafadhali."

Nikaweka kingine. Mshale ukatulia. Nikaweka cha tatu, kizima. Yeye kasimama pale pembeni ya tangazo alilolibandika mwenyewe: nguo za nailoni marufuku, zina umeme tuli. Akaligeukia, akalisoma kama mgeni, kisha akavua sweta huku likitatarika. Masikio yalimwiva. Nilicheka mpaka nikashika meza, lakini moyoni nilikuwa bado nimenuna, maana habari ya stoo hakuigusa.

Ijumaa, tone la kwanza tu, mshale ukapanda. Wageni wakapiga makofi. Daktari mkuu akauliza kwa nini vingine vingi vilikufa. Nikainamia darubini nisionekane uso.

"Niliviua mimi, vyote," alisema Bwana Unywele. "Kisha nikamsingizia fundi wangu. Bila yeye leo tusingekuwa na cha kuwaonyesha, na haendi popote."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, nimtolee wageni wakishaondoka. Machozi yakanitangulia.