Milio ya Bi Nukta

Fundi mitambo wa kituo chetu cha redio tulimwita Bi Nukta, maana aliweza kugombana na mtu kutwa nzima kwa ajili ya nukta moja ya saa. Tangazo likipitiliza kidogo, unamkuta mlangoni kakunja mikono. "Saa haina undugu," atakwambia. Mimi msoma habari maneno hayo yamenikaa masikioni.

Roho yake ilikuwa kwenye ile milio mifupi inayotangulia habari kila saa kamili. Ilitoka kwenye kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni, iliyofungwa kipokezi kinachopata saa kutoka kwenye setilaiti. Antena yake ilikaa nje ya dirisha ili ione anga. Kompyuta yenyewe haina betri ya kutunzia saa. Umeme ukikatika, inaamka ikidhani bado ni wakati ule ilipozimika, hadi setilaiti ziisahihishe.

Meneja alitaka kuiondoa siku nyingi. "Kila mtu ana simu. Nani anasikiliza hiyo pi-pi-pi?"

"Mama yangu," Bi Nukta alikuwa akijibu, na mambo yanaishia hapo.

Hakuwa anatania. Mama yake, macho yamekwisha, alikunywa dawa kwa milio ile. Ikigongana na sauti yangu hata kidogo, alipiga simu mapokezi: "Mwambieni mwanangu saa yake imemkanyaga msoma habari." Tulicheka mpaka basi.

Kisha bibi yule akafariki, Bi Nukta akaenda msibani. Huku nyuma mama wa usafi aliona mvua inakuja, akaihurumia antena, akaiingiza ndani nyuma ya kabati la chuma. Huruma nyingine bwana! Umeme ukakatika, ukarudi, na kompyuta isiyoona anga ikabaki kwenye saa yake ya zamani. Milio ikawa inalia katikati ya nyimbo. Sisi tukapuuza. Asiyekuwapo na lake halipo.

Bi Nukta aliporudi tulimpa pole. "Nimeshapoa," alisema, macho makavu. Aliona dirisha tupu, akafuata waya hadi nyuma ya kabati, akairudisha antena mahali pake. Mama wa usafi alisimama akingoja kugombezwa.

"Usijali, dada," Bi Nukta alimwambia. Nilitamani apige kelele. Upole ule ulinitisha.

Akamuuliza dada wa mapokezi, "Kuna mtu yeyote alipiga simu kuhusu milio?"

"Hapana, dada. Hata mmoja."

Meneja alikuwa papo hapo. "Haya, niambie sasa. Nani anaisikiliza?"

Sote tulimgeukia Bi Nukta.

"Hakuna," alisema. Akachomoa kompyuta kwa mkono wake mwenyewe, akakunja waya, akaviweka kwenye droo. Niliumia kuliko yeye, au ndivyo nilivyodhani.

Jioni nilimsindikiza kwao. Mama yake mdogo, aliyekuwa akimuuguza marehemu, alikuwa amekaa karibu na redio ambayo marehemu hakutaka izimwe kamwe. Saa kamili ikafika, habari zikaanza kwa sauti ya mwenzangu wa zamu, bila mlio wowote.

"Mbona leo haikulia?" mama mdogo aliuliza.

"Nimeizima. Hakuna anayeisikiliza."

"Mimi je? Si ndimi niliyekuwa nampa dawa? Hadi leo ikilia nanyanyuka nachota maji, ndipo nakumbuka hayupo. Na siku hizi za msiba ilikuwa inalia ovyo, mara katikati ya wimbo, nami nanyanyuka tu."

"Sasa mbona hukupiga simu?"

"Nimpigie nani, mwanangu? Ulikuwa umekaa hapo hapo, redio iko sikioni pako. Nilijua unasikia."

Bi Nukta aliigusa redio.

"Sikusikia," alisema. "Mama mdogo, sikusikia hata mlio mmoja."

Ndipo akalia.