Pombe Aliyompelekea Toussaint

Marcellin, seremala wa Kilibula, hakuwa mtu wa kuingilia ugomvi. Mkewe Sidonie alizoea kumtania kwamba hata kuku wakipigana uani, yeye huzunguka nyuma ya nyumba.

Lakini mchana ule ugomvi ulimfuata mpaka mlangoni pa karakana yake. Polisi aitwaye Frédéric alikuwa anamkamata Toussaint, mfyatua matofali wa Songo, aliyekuwa amelewa na kuvunja meza za wachuuzi. Toussaint akaishika bunduki ya polisi, akamlaza chini, akaanza kuigeuza imwelekee mwenyewe.

"Fundi, unisaidiye!" Frédéric aliita. "Huyu iko ananiuwa!"

Marcellin aliokota ubao akampiga Toussaint mkononi. Bunduki ilianguka, na mfupa ukavunjika. Frédéric alimshukuru.

Kwa watu wa pande zile, ukimuumiza mtu, hata kwa haki, hukai nyumbani ukingoja. Unakwenda kwake na pombe, mnakunywa kikombe kimoja, ili watoto wasiurithi uadui. Basi Marcellin na Sidonie walibeba dumu la kasiksi, pombe ya ndizi, wakaenda Songo. Toussaint alikunywa kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa kwenye plasta, wakaagana vizuri.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema kwamba utarudishwa na mwito wa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Thaddée, kaka yake Toussaint, alikuwa ameshitaki, na Marcellin akaona jela imemfungulia mlango. Wakili alimwambia sheria haimwadhibu anayemwokoa mwenzake, mradi ijulikane kulikuwa na hatari. Marcellin akapumua. Polisi mwenyewe si yuko?

Siku ya kesi kusikilizwa mahakamani, polisi mwenyewe aliangalia viatu vyake.

"Minye sikumwita mutu," Frédéric alisema. "Nilikuwa nimekwisha kumukamata. Huyu fundi alikuja kwa akili yake."

Alikuwa anamwogopa mkubwa wake. Polisi anayenyang'anywa bunduki na mlevi hana la kujitetea. Woga wake unaeleweka, ila kwa kweli asante ya punda ni mateke.

Hakimu akamgeukia Marcellin. "Kama haukukuwa na kosa, juu ya nini ulimupelekea pombe?"

Marcellin alijaribu kueleza desturi, hakimu akatikisa kichwa. Sidonie alianza kulia kimya kimya. Ndipo Toussaint akasimama na mkono wake uliopinda, Thaddée akimvuta shati akae.

"Polisi alimwita," Toussaint alisema. "Nilisikia, minye nilikuwa juu yake na bunduki yake mu mikono. Pombe ya huyu muntu nilikunywa. Siwezi kunywa pombe yake kisha nimusemee uongo."

Marcellin aliachiliwa. Frédéric alimkuta nje akaomba asimkasirikie. Marcellin alimtazama, akamshika Sidonie mkono, wakaondoka.

Hata mwezi haujaisha, filimbi ya polisi ililia sokoni, na sauti ya kijana asiyemjua ikaita watu wamsaidie. Marcellin aliokota ubao, akafika mlangoni. Akasimama pale. Sauti iliita tena, ikivunjika.

Akaufunga mlango, akarudi kwenye meza yake na kuanza kupiga randa kwa nguvu ili asisikie. Alijichukia, na bado alisikia.