Fyuzi Iliyozibwa Mdomo

Siku ile ya mnada wa kijiji cha Choma sijaisahau, mwanangu, na tangu uniambie utasafiri na mjukuu wangu akilala ndani ya gari, kila nikifumba macho naiona.

Marehemu baba yako alikuwa na lori dogo la kuuzia vitenge minadani. Nyuma tulitandika godoro, na chini yake ikakaa betri ya sola ya kuchajia simu za wateja. Fyuzi yake ilikatika kila mara. Alipochoka kununua nyingine, akaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ili umeme upite tu. Nilipomuuliza, akacheka, akasema fyuzi ni woga wa mafundi tu, na wateja wanasubiri kuchaji simu. Mdharau mwiba, guu huota tende.

Tulipokaribia Choma, barabara mashimo matupu, nikanusa plastiki inaungua. Wewe ulikuwa nyuma, umelala juu ya godoro lile. Nikamwambia asimame, akasema ni breki. Nikamshika mkono mpaka akasimama. Kufungua mlango, moshi ukatupiga usoni, na godoro lilikuwa linafuka upande wa miguu yako. Nilikuvuta nje hivyo hivyo ukaangukia mchangani, ukalia. Sijawahi kufurahia kilio kama kile.

Baba yako mkubwa, aliyekuwa fundi umeme mjini Tabora, tulipomfikishia lori alikagua bila kufoka. Waya wa chanya ulikuwa umechubuka kwenye bati la bodi. Akamtazama mdogo wake, akasema, "Fyuzi ilikuwa inakwambia kitu, wewe ukaiziba mdomo."

Baba yako alikaa chini, akashika kichwa.

Kisha kaka yake akatufundisha kufunga kontrola, kile kisanduku kinachopokea umeme wa paneli na kuupeleka kwenye betri. Alisema betri ndiye mkubwa, huamkiwa kwanza kwa kuungwa waya, paneli ifuate. Siku ya kufungua, paneli itangulie kuaga, la sivyo kontrola itaungua.

Basi nisikilize, mwanangu. Fyuzi ikae jirani kabisa na betri, kwenye waya wa chanya, na isizidi uwezo wa waya wenyewe. Waya ukipita kwenye bati, uvishe mpira. Fyuzi ikikatika, tafuta kwanza kilichoikata, hata kama mnada unakupita.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama. Na akujalie moyo wa kusimamisha gari mara moja, mkeo akisema ananusa kitu.